Waliofukuzwa na Walioletwa

Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, haina haja ya kujua unamwabudu nani. Ukitaka kusajili chama cha watu kumi au zaidi, jedwali lililo mwishoni mwa sheria hiyo linakutaka uandike kwenye katiba yako mambo ya kawaida kabisa: jina la chama, malengo yake, nani anaweza kuwa mwanachama, ada ni kiasi gani, mwanachama anasimamishwa au kufukuzwa vipi, viongozi wanachaguliwa vipi na wanaondolewa vipi, mkutano mkuu ni lini na akidi yake ni watu wangapi, pesa zinashikwa na nani, vitabu vya hesabu vinakaguliwa lini, katiba inabadilishwaje, na chama kikivunjwa mali yake inaenda wapi. Basi. Tangu mwaka 2022 kuna pia Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii, ambayo vikundi vidogo huipitia kwenye ofisi za maendeleo ya jamii, na yenyewe pia inataka katiba. Hakuna hata moja inayouliza habari za mbinguni.

Nimelisoma jedwali hilo mara nyingi, kwa sababu kikundi kidogo cha majirani wa dini tofauti katika nchi ya chai, kati ya Kericho na Bomet, kiliniomba nikiandikie rasimu. Si kikundi kikubwa. Wapo mapasta, wapo akina mama wa parokia, wapo Waislamu wa sokoni, wapo Wasabato kutoka mashamba ya kampuni, na wapo wazee wachache ambao ukiwauliza dini yao wanakuangalia kwanza kabla ya kujibu.

Watu wengi hudhani katika kikundi kama hicho ugomvi huwa kwenye sala: nani aombe, aombe kwa jina la nani. Hilo lilikwisha kwa muda mfupi. Mkutano utafunguliwa kwa kimya, kila mtu aongee na Mungu wake moyoni, halafu tuanze kazi. Moto uliwaka kwenye kifungu cha tatu, kile cha uanachama. Nani ana kiti?

Ninaloliamini, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa, ni kwamba katiba ya kikundi cha dini mbalimbali huamuliwa na kifungu hicho kuliko kingine chochote. Na katika nchi ya chai huwezi kukiandika vizuri bila kujua historia ya makundi mawili: waliofukuzwa na walioletwa.

Tuanze na ramani. Ukisimama mjini Kericho leo unaona jinsi kila dini ilivyofika, kwa sababu kila moja iliacha jengo. Kuna kanisa la mawe la Waanglikana, Holy Trinity, linalofanana na makanisa ya vijijini Uingereza. Kuna misikiti. Kuna gurdwara kubwa la Wasikh. Kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Wakatoliki, lililofunguliwa mwaka 2015, paa lake likipanda taratibu kutoka mlangoni kuelekea altare kama kilima cha chai, na ndani wanaingia watu 1,500. Dayosisi yenyewe iliundwa mwaka 1995. Ukishuka Bomet unafika Tenwek, misheni ya Wamarekani iliyoanza na zahanati na sasa ni hospitali inayojulikana Afrika Mashariki nzima.

Kila jengo lina njia yake. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imepita pembeni mwa nchi ya Wakipsigis, katika stesheni iliyoitwa Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion. Kwa reli hiyo wakaja mafundi wa Kipunjabi, wenye maduka wa Kihindi na wamisheni. Willis Hotchkiss, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha misheni ya Marafiki kule Kaimosi mwaka 1902, baadaye alihamia huku akaanzisha misheni ya Lumbwa. Mmoja wa mafundi wa Kipunjabi walioishi Kericho miaka mingi, Puran Singh, alihamia Uingereza uzeeni, na wafuasi wake wakaunda kule Birmingham jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Mpaka leo Wasikh wa nchi nyingi humtaja kama Baba Puran Singh wa Kericho. Yaani jina la mji wetu linatajwa kwa heshima kwenye sala za watu ambao hawajawahi kuona jani la chai likichumwa.

Lakini ramani hiyo ya majengo ina kasoro moja: inaonyesha dini zilizokuja tu. Iliyokuwepo haikujenga kwa mawe. Wakipsigis walimwomba Asis, jina linalokwenda pamoja na jua, na kila boma lilikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi nje ya nyumba. Kwa ibada ya watu wengi palikuwa na mahali panapoitwa kapkoros. Leo ukitamka neno Kapkoros huko Bomet, mtu wa kawaida atafikiria kiwanda cha chai, kwa kuwa kuna kiwanda cha wakulima wadogo chenye jina hilo. Sidhani kuna mtu aliyekusudia ubaya. Hata hivyo lori la majani linapopita limeandikwa Kapkoros, mimi huona historia yetu yote ikipita barabarani.

Na katiba? Hiyo pia ilikuwepo, ila haikuandikwa. Mambo ya ujirani yaliamuliwa kwenye kokwet, baraza la watu wanaoishi pamoja mlima mmoja au bonde moja. Mzee wa kokwet hakuwa mfalme. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mpaka maneno yaishe, halafu kusema kile ambacho watu wamekwisha kukubaliana. Hakukuwa na kura. Aliyeshindwa hakuhesabiwa kwa mikono, aliachwa aongee mpaka achoke. Na ulikuwa na haki ya kuongea kwa sababu unaishi pale. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Sasa tuje kwa waliofukuzwa.

Katika ukoo wa Talai walitoka watu walioitwa orkoiyot, wengi wao orgoik. Walikuwa waonaji, watu wa baraka na wa laana, washauri wa vita na wa mvua. Waingereza waliwaita laibon, neno walilolitoa kwa Wamaasai, na waliwaogopa kwa sababu moja ya msingi: watu waliwasikiliza wao kuliko machifu wa serikali. Mwaka 1914 Kipchomber arap Koilege, mkuu wao upande wa Wakipsigis, aliondolewa akapelekwa Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a. Mwaka 1925 ikaja sheria ya uchawi ambayo bado iko kwenye vitabu vya Kenya, Sura ya 67. Halafu mwaka 1934 serikali ya koloni ikatunga sheria ya peke yake kwa ajili ya ukoo mmoja: sheria ya kuwaondoa malaibon. Mamia ya watu, wanaume, wanawake na watoto wadogo, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na nchi ya baridi waliyoizoea, mahali pa joto na mbung'o. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa.

Angalia miaka hiyo vizuri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi kubwa ya Kericho ilitengwa kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Walijaribu kulima kitani, bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za chai, Brooke Bond na ile ya James Finlay. Kwa hiyo miaka ileile ambapo mlima ulikuwa ukigeuzwa shamba la chai, watu ambao wenyeji waliwaendea kwa mambo ya roho walikuwa wakiondolewa mlimani. Siwezi kusema kila afisa alipanga mawili hayo pamoja. Ninachosema ni kwamba shamba lilipanuka mahali ambapo hakuna orkoiyot aliyebaki wa kuuliza.

Waliorudi karibu na uhuru walikuta hakuna pa kurudi. Wengi wao mpaka leo hawana shamba. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Hiyo ndiyo historia iliyoingia kwenye kikao chetu siku mzee mmoja aliposema na yeye anataka kiti, si kama mwakilishi wa kanisa, bali kama mtu wa ibada ya zamani.

Pasta mmoja akasema, kwa adabu, "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Lakini hiyo si dini. Hiyo ni uganga."

Mzee akajibu polepole, "Pasta, hilo neno liliandikwa kwanza kwa Kizungu."

Watu wakacheka, lakini si sana.

Lazima nimtendee haki pasta. Hofu yake haikutoka kwa Wazungu peke yao. Orgoik waliogopwa na Wakipsigis wenyewe. Laana yao ilitajwa kwa sauti ya chini, na serikali ya koloni iliitumia hofu hiyo vizuri sana: iliwaambia watu kwamba inawaokoa. Familia za Talai bado hubeba jina hilo shuleni na kwenye ndoa. Pasta huyu ana waumini ambao wakisikia amekaa meza moja na mtu wa ukoo ule, watauliza maswali Jumapili. Kwake kumpa mzee kiti ni kama kutia sahihi kwamba njia zote ni sawa, na hilo haliamini. Mtu asilazimishwe kuamini kitu ili aweze kukaa na jirani yake.

Tutarudi kwa pasta. Kwanza walioletwa.

Kampuni za chai zilihitaji mikono kuliko ile iliyopatikana karibu. Wakaja Abagusii, Waluo, Waluhya na wengine, wakawekwa kwenye vijiji vya kampuni: nyumba za safu, mfereji wa maji, shule, zahanati, uwanja wa mpira. Wajukuu wa waliokuja kwanza wamezaliwa hapo, lakini nyumba ni ya kampuni. Ukistaafu au ukiachishwa kazi, unatoka. Mtu anaweza kuchuma majani kilima kimoja miaka thelathini na bado akiulizwa kwao ni wapi, ataje wilaya nyingine.

Walikuja na dini zao. Waadventista walianza misheni Gendia, Nyanza Kusini, mwaka 1906, na wakapata mizizi mirefu kwa Waluo na Abagusii. Kwa hiyo kwenye mashamba ya chai kuna Wasabato wengi. Ukiitisha mkutano Jumamosi umewafungia mlango. Ukiitisha Ijumaa mchana umewafungia Waislamu. Jumapili asubuhi ndiyo usiseme. Na kuna jambo ambalo mgeni hucheka akilisikia: Msabato anayeshika mafundisho ya kanisa lake hanywi chai. Anaichuma, anaipima, anaipakia, na mkutanoni anaomba maji ya moto. Tuliandika kifungu cha viburudisho kabla ya kuandika kifungu cha mwenyekiti, na sioni aibu kulisema. Chakula kinachoweza kuliwa na wote kwenye meza moja ni jambo la kikatiba. Wasikh walilielewa zamani: kwenye langar ya gurdwara chakula hakina nyama, na kila mtu anakaa chini, tajiri na maskini.

Lakini walioletwa wanaleta swali zito zaidi ya siku na chai. Swali hilo lina tarehe.

Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 nchini, kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki. Tarehe 31 Januari 2008 David Kimutai Too, mbunge wa Ainamoi, alipigwa risasi na polisi mjini Eldoret, na habari ilipofika Kericho mji ukawaka. Nyumba za wafanyakazi mashambani zilichomwa. Watu waliozaliwa katikati ya chai wakakimbia kwenda makwao wasikokujua. Kwenye mpaka wa Sotik na Borabu, karibu na soko la Chebilat, nyumba ziliungua pande zote mbili.

Hebu jiulize: pande hizo mbili zilikuwa za dini gani? Zilikuwa za Wakristo. Aliyechoma na aliyechomewa waliimba nyimbo zilezile, wakati mwingine kutoka kitabu kimoja. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri mbele ya nchi kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Mpaka uliopita katikati ya watu wetu haukuwa wa dini, ulikuwa wa lugha na ardhi, na dini ilipita juu yake bila kuugusa.

Kwa mwandishi wa katiba hilo lina maana moja ya wazi. Ukigawa viti kwa dini peke yake, unaweza kupata kamati yenye pasta, padri, imamu na mzee wa jadi, picha nzuri kabisa ya gazeti, na wote wanne wakawa watu wa lugha moja. Usiku mbaya ukija, kamati hiyo haina mtu wa kumpigia simu kule kwenye vijiji vya kampuni. Kwa hiyo rasimu yetu inasema viti vya kamati vigawanywe kwa dini na pia kwa mahali: wakulima wenye shamba, watu wa sokoni, na wakazi wa vijiji vya mashamba makubwa. Hakuna kabila linalotajwa. Ukitaja mahali, lugha zitakuja zenyewe.

Kuna mfano mkubwa wa Kenya ambao kila kikundi cha dini mbalimbali kinapaswa kuujua kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Desemba 1999, wakati serikali ya Rais Moi ilipotaka marekebisho ya katiba yabaki mikononi mwa Bunge, viongozi wa dini walikutana Ufungamano House, Nairobi. Walikuwepo NCCK, maaskofu Wakatoliki, Baraza Kuu la Waislamu, SUPKEM, Baraza la Wahindu na wengine. Wakaanzisha mchakato wao wenyewe na tume ya wananchi chini ya wakili Oki Ooko Ombaka. Serikali iliwabeza, lakini mwaka 2001 tume hiyo iliunganishwa na ile rasmi ya Profesa Yash Pal Ghai. Bila viongozi wa dini kukaa meza moja, sidhani katiba mpya ingefika pale ilipofika.

Halafu ikaja habari ya mahakama za kadhi. Zilikuwa kwenye katiba ya uhuru kwa sababu ya makubaliano ya mwaka 1963 kuhusu ukanda wa Pwani. Makanisa mengi hayakutaka ziendelee kutajwa katika katiba mpya, Waislamu wakaona wanapokonywa kilicho chao. Umoja wa Ufungamano ukapasuka hapo. Kwenye kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa walipiga kampeni ya hapana, katiba ikapita, na mahakama za kadhi ziko kwenye Ibara ya 170. Bonde la Ufa, likiwemo eneo letu, lilikataa, ingawa kwa sababu zake pia, hasa ardhi.

Mimi huwa sisomi habari hiyo kama aibu ya viongozi wa dini. Waliungana juu ya jambo moja, namna ya kuandika katiba, na hapo walikuwa imara. Walichokosa ni makubaliano ya mapema kuhusu watafanya nini siku wasipokubaliana. Kila mmoja alidhani umoja wa njia ni umoja wa mwisho wa safari.

Ndiyo maana rasimu yetu ina kifungu kirefu cha siku mbaya. Kwa kawaida akidi ni theluthi moja ya wanachama. Lakini barabara zikifungwa, theluthi haipatikani. Basi wanachama watatu wa imani tofauti, wakiwa wametoka sehemu mbili tofauti au zaidi, wanaweza kuitisha kikao hata kwa simu na kutoa tamko moja tu: kukanusha uvumi walioukagua wenyewe, kuomba watu wahifadhiwe, kutaja mahali palipo salama. Hawana ruhusa ya kusema nani alishinda uchaguzi. Kiongozi akitaka cheo cha siasa, anaacha kiti miezi sita kabla. Mwanasiasa akileta pesa, zinaandikwa kwenye kitabu mbele ya watu na hapewi kipaza sauti kwa ajili hiyo. Haya ni mambo madogo. Mwaka 2008 mambo madogo kama haya yangekuwa na kazi ya kufanya.

Sasa turudi kwa pasta na mzee.

Nje ya hapa watu wamelipitia jambo hili. Mwaka 1993, viongozi wa dini za dunia walipokutana Chicago, walipitisha tamko la maadili ambalo rasimu yake iliandikwa na Hans Küng, mwanateolojia Mkatoliki. Tamko hilo halitaji Mungu, kwa kuwa Wabudha wasingeweza kulitia sahihi. Walichagua kusema machache ili wengi wakae. Karibu zaidi, huko Mombasa, baraza la viongozi wa dini la Pwani, CICC, limewaweka watu wa dini za jadi pamoja na Waislamu, Wakristo na Wahindu. Pwani wana kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo mwaka 2008 iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mzee wa kaya akidai kiti, ana msitu wa kuonyesha. Mzee wetu msitu wake ulikatwa ukapandwa chai. Asiadhibiwe mara ya pili kwa kukosa jengo.

Kwa hiyo niliiacha orodha ya dini nikaenda kwa sheria ya kokwet. Kifungu cha tatu cha rasimu kinasema mwanachama ni mtu mzima yeyote anayeishi au kufanya kazi katika eneo hili, anayefuata imani au desturi yoyote ya ibada, na aliyekubali kutomlazimisha wala kumtisha mwingine kwa imani hiyo. Neno kumtisha liliingizwa kwa ajili ya hofu ya pasta: laana ni kitisho, na mahubiri ya kumtangazia jirani moto wa milele akiwa mkutanoni ni kitisho pia. Mzee alikubali sehemu yake, pasta akakubali yake. Kisha ukaongezwa mstari huu: hakuna mwanachama atakayetakiwa kukiri kwamba imani ya mwingine ni ya kweli, wala kwamba ni dini. Pasta anaweza kukaa pale akiamini moyoni kwamba mzee amepotea. Mzee naye anaweza kuamini kwamba pasta ni mtoto aliyesahau nyumbani. Kiti kinatokana na kuishi pale, kama ilivyokuwa kwenye kokwet.

Wapo wanaosema huo ni umoja mwembamba. Ni kweli, ni mwembamba. Lakini umoja mnene, wa kukumbatiana jukwaani na kusema sisi sote ni wamoja, ndio ulioyeyuka kwa siku mbili Januari ile.

Kuna hoja nyingine dhidi ya rasimu, nayo ni nzito. Katiba hii haigusi ardhi. Mzee atapata kiti, hatapata shamba. Mchumaji chai atapata kiti, siku ya kustaafu bado atatoka kwenye nyumba ya kampuni. Kikundi cha dini kikijifanya tume ya ardhi kitakufa mwaka wa kwanza, na kikinyamaza kabisa kuhusu ardhi watu watakiona ni kikundi cha kunywa chai, au maji ya moto. Tumeandika kwenye malengo kwamba kikundi kitapokea na kuhifadhi ushuhuda wa wanachama kuhusu kuhamishwa kwao au kwa wazazi wao, wa wakati wowote. Gwassi na Chebilat kwenye daftari moja. Hilo ndilo tuliloweza, na nadhani ni pa kuanzia.

Kifungu kilichobaki bila kuguswa mpaka mwisho ni kile ambacho sheria inakiita kufukuzwa kwa mwanachama. Katiba nyingi za vikundi hukinakili: kamati inaweza kumfukuza mwanachama yeyote atakayeharibu jina la chama. Nilipokisoma kwa sauti, chumba kilinyamaza. Katika nchi hii neno hilo lina watu ndani yake.

Tulikifuta tukaandika upya. Anayetuhumiwa aambiwe kosa lake kwa maandishi na kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa. Asikilizwe yeye mwenyewe, na aje na mtu wa kumsemea akitaka. Asifukuzwe kwa ajili ya ukoo wake, kabila lake, wala kwa jambo lililofanywa na ndugu yake. Uamuzi usitolewe na watu wa imani yake peke yao, wala wa imani nyingine peke yao. Na awe na nafasi ya kukata rufaa mbele ya mkutano mkuu. Mwaka 1934 hakuna mtoto wa Talai aliyepewa hata moja ya hayo, na mwaka 2008 hakuna aliyelipewa kwenye vijiji vya chai.

Rasimu iko kwa Kiswahili, kwa kuwa Kipsigis kingewafungia nje walioletwa na Kiingereza kingewafungia nje karibu akina nyanya wote. Itasomwa yote, kifungu kwa kifungu, kabla ya kupigiwa kura. Pasta amesema bado anaomba juu ya kifungu cha tatu. Cha kufukuzwa ameomba kisomwe kwanza.